Kiingereza cha tasnifu na cha jukwaani: ni wapi hasa tunakwama tukiwa shahada za juu?

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi,

Ninafundisha stadi za mawasiliano ya kitaaluma kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma mapendekezo ya utafiti, sura za tasnifu na makala zinazoandaliwa kwa ajili ya majarida, zote zikiwa kwa Kiingereza. Kila muhula hunijia mtu mwenye utafiti mzuri, aliyekaa vijijini miezi kadhaa, ambaye anaweza kunieleza jambo lake lote kwa Kiswahili kwa dakika kumi nikalielewa na kulipenda, kisha ananikabidhi kurasa arobaini ambazo ndani yake jambo lile silioni. Yeye mwenyewe huniambia, "Mwalimu, tatizo langu ni gramatika tu, naomba unisahihishie." Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini wengi wetu tumekosea kuutambua ugonjwa, na kosa hilo linawagharimu watu miaka.

Wengi wetu tulisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, linafundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Criper na Dodd walilitathmini jambo hili nchini na wakasema wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo waliyokuwa wakifundishwa kwa lugha hiyo. Ili kuvuka, tulikariri: tulinakili notisi ubaoni, tukazihifadhi kichwani, na mtihani ukatupa alama kwa kuzirudisha kama tulivyozipokea. Siidharau mbinu hiyo, maana ndiyo iliyotufikisha chuo kikuu. Lakini tasnifu inadai kinyume chake, kwamba mwandishi aseme jambo ambalo halimo katika notisi za mtu yeyote, kisha alisimamie mbele ya wanaomzidi umri na cheo.

Tazameni utangulizi wa pendekezo la utafiti kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, katika mahindi ya Dodoma, mfano ninaoutunga lakini unaofanana na mingi niliyoisoma. Aya ya kwanza inasema mahindi ni zao muhimu duniani. Aya ya pili inasema ni muhimu Afrika. Ya tatu ni Afrika kusini mwa Sahara, ya nne ni Tanzania, ya tano ni mkoa, na ya sita, ambayo imo katika ukurasa wa tatu, inasema hakuna utafiti uliofanyika katika wilaya husika, na kwa hiyo utafiti huu utafanyika. Unaweza kuisahihisha gramatika ya kurasa hizo tatu hadi isibaki hitilafu hata moja, na mtahini bado atauliza: kwa nini utafiti huu?

Mwanaisimu John Swales, katika kazi yake ya mwaka 1990, alionyesha kwamba utangulizi wa makala ya kitaaluma ya Kiingereza kwa kawaida hupiga hatua tatu: kwanza mwandishi huonyesha uwanja anaoingia na kwa nini una uzito, kisha huonyesha pengo lililomo katika yale yaliyokwisha kusemwa, kisha hueleza jinsi kazi yake itakavyoliziba pengo hilo. Wanafunzi wetu huikuza hatua ya kwanza hadi ikawa shamba zima, na ya pili huifanya sentensi moja inayohusu ramani. Kwamba wilaya fulani haijafanyiwa utafiti si pengo la kitaaluma mpaka useme wilaya hiyo ina nini kinachoweza kubadilisha jibu. Je, ni ukame unaoyakumba mahindi kabla ya kukomaa, hali inayojulikana kuongeza sumukuvu tangu shambani? Kama ndivyo, basi swali lako linahusu kile kinachotokea kabla ya mavuno, na ushauri unaojikita katika ghala pekee unaweza kuwa umechelewa. Hilo ndilo pengo. Mwanafunzi wa namna hii huwa nalo mdomoni siku zote anaponieleza kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwambia kwamba ndilo linalostahili kukaa ukurasa wa kwanza.

Kwa sababu hiyo, zoezi ninaloliamini kuliko mengine yote hufanyika kwa Kiswahili. Kabla ya kuandika sura, mweleze mtu asiye wa fani yako, ana kwa ana, mambo matatu: watu wanajua nini kuhusu jambo hili, hawajui nini, na wewe utafanya nini. Jirekodi kwa simu. Kisha keti uandike kwa Kiingereza ulichokisema, kwa mpangilio uleule, ukitumia sentensi fupi, bila kufungua tasnifu ya mtu mwingine kutafuta "maneno mazuri". Kiingereza kitakachotoka kitakuwa na makosa, lakini kitakuwa na hoja, na hoja ndiyo inayosahihishika.

Mapitio ya machapisho nayo yana donda lake. Tunaorodhesha: fulani, 2010, aligundua hiki, fulani, 2013, aligundua kile, na kila aya inaanza na jina la mtu kama daftari la mahudhurio. Nimewauliza wanafunzi wengi kwa nini hawasemi kwamba wanazuoni wawili wanapingana, na jibu lao huwa ni heshima: "Mimi ni nani hata nimkosoe profesa?" Hisia hiyo ninaielewa, maana tumelelewa hivyo na ni malezi mema. Hata hivyo, tuna adabu ya kupingana hata barazani, ambapo mtu husema "mzee wangu amenena kweli, ila kuna upande mmoja naomba niuongeze," na hakuna anayemwona amekosa heshima. Kiingereza cha kitaaluma kina sentensi za namna hiyo hiyo: kwanza unakubali thamani ya kazi, kisha unaonyesha mpaka wake, yaani ilifanyika kwa sampuli ya mjini, au ilipima jambo moja na kuliacha jingine. Chagua pia vitenzi kwa uangalifu. "Show", "argue", "suggest" na "claim" havibadilishani nafasi ovyo, kama vile sisi tusivyochanganya amethibitisha, ametoa hoja, amedokeza na amedai. Ukimwandikia mtu "claim" umeshadokeza kwamba humwamini.

Na kwa matokeo yako mwenyewe, acheni "prove". Dodoso la watu 120 halithibitishi jambo kwa Watanzania wote. Kiswahili kina huenda, yaelekea, yamkini, inadokeza. Tunayatumia kila siku kwa ustadi mkubwa, kisha tukiingia katika Kiingereza tunayasahau na kuandika kama mahakama inayotoa hukumu.

Nitaendelea.

#2 Mwanzisha uzi

Sasa gramatika, kwa sababu sikusema haina maana. Makosa mengi ninayoyasoma hayatokani na uzembe. Ni Kiswahili sahihi kilichovaa maneno ya Kiingereza, na ukishajua kanuni ya Kiswahili iliyojificha nyuma ya kosa, unaweza kulikamata mwenyewe.

Sisi husema "ingawa mvua ilinyesha, lakini walilima", na ni Kiswahili kizuri. Kwa Kiingereza, "although" ikishakaa mwanzoni, "but" haina kazi tena. Sisi huweka kiambishi cha mtenda katika kitenzi hata kama mtenda ametajwa, "wakulima wa-nauza", na ndiyo maana mtu huandika "the farmers they sell". Kiambishi -me- hutudanganya zaidi: tunasema "utafiti umefanyika mwaka 2019" bila shida, lakini Kiingereza hakikubali "has been conducted" kikae pamoja na mwaka uliokwisha kupita, ukitaja mwaka huo, tumia wakati uliopita wa kawaida. Tunasema kujadili kuhusu na kusisitiza juu ya, basi tunaandika "discuss about" na "emphasize on", ilhali vitenzi hivyo havihitaji kihusishi. Na kuna yale majina yasiyo na wingi, "information" na "equipment", ambayo tunayaongezea "s" kwa kuwa taarifa na vifaa kwetu vinahesabika.

Kubwa kuliko yote ni "a" na "the". Nimeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, na kwa umbo ni kweli. Lakini tazama: "Tulichagua kijiji kimoja. Kijiji hicho kina zahanati." Lile hicho, lenye -o ya urejeshi, linamwambia msomaji kwamba kijiji anakijua, kimeshatajwa. Hiyo ni mojawapo ya kazi kuu za "the". Nawaomba wanafunzi wapitie aya yao na kujiuliza kila penye jina: kwa Kiswahili ningeweza kusema hicho, huyo, hiyo hapa? Kama jibu ni ndiyo, weka "the". Njia hii haimalizi kila hali, kwa mfano haisaidii mbele ya majina ya mito au ya taasisi, ila inafuta sehemu kubwa ya makosa, na mwanafunzi huifanya kwa sikio alilozaliwa nalo.

#3 Mchangiaji, uzamivu (kilimo)

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa uzi huu. Mfano wako wa sumukuvu umenigusa kwa kuwa niko karibu na eneo hilo. Naomba uzungumzie jambo moja ambalo kozi yetu ya mbinu za utafiti haikuligusa. Mahojiano yangu yote ni ya Kiswahili, na mengine yamechanganyika na Kigogo. Tasnifu ni ya Kiingereza. Ninapotafsiri maneno ya wakulima nahisi nawaandikia mambo ambayo hawakuyasema, na msimamizi wangu ananiambia nitafsiri tu. Hili ni suala la lugha au la mbinu?

#4 Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu. Ni la mbinu, na linapaswa kuandikwa katika sura ya mbinu. Msimamizi wako anaona tafsiri kama kazi ya ukarani, na hapo natofautiana naye kwa heshima zote.

Chukua maneno yanayosikika kila siku katika mada yako. Mkulima anasema, "Kabla ya kuhifadhi tunaweka dawa." Ukiandika "medicine" umempoteza msomaji, ukiandika "pesticide" umeamua jambo ambalo pengine mkulima hakulisema, maana kwake dawa inaweza kuwa unga wa kiwandani au majivu. Mwingine anasema, "Mahindi tunayachambua, mabovu tunawapa kuku." Niliwahi kusoma tafsiri iliyosema wakulima hao "analyse" mahindi, kwa sababu mtafiti alikuwa amezoea neno uchambuzi katika uchambuzi wa data. Walichokuwa wakifanya ni kutenga mazima na mabovu kwa mkono, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika utafiti wa sumukuvu, kwanza kwa sababu kutenga huko kunaweza kupunguza sumu, na pili kwa sababu yale mabovu yanaingia kwenye chakula cha kuku. Kitenzi kimoja kikitafsiriwa vibaya, matokeo mawili yanapotea.

Ninachoshauri ni hiki. Changanua data zako kwa lugha zilizosemwa, na utafsiri tu yale utakayoyanukuu. Katika tasnifu weka maneno ya asili na tafsiri yake pamoja, au maneno ya asili yakae kwenye kiambatisho iwapo kurasa hazitoshi. Kwa dodoso, fuata utaratibu wa kutafsiri na kurudisha, ambao Richard Brislin aliueleza mwaka 1970: mtu mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona maswali ya awali anarudisha kwenda Kiingereza, kisha mnalinganisha. Kwa Kigogo, mtaje msaidizi wako wa utafiti na kazi aliyoifanya, maana bila yeye hukuwa na data. Na kwa maneno kama dawa, iache dawa kwa herufi za mlazo na ueleze mara moja. Msomaji wa Kiingereza anaweza kujifunza neno moja la Kiswahili.

#5 Mchangiaji kutoka Bukavu

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, shahada yangu ya kwanza niliisoma Bukavu kwa Kifaransa, na sasa nasoma uzamili nchini Uganda kwa Kiingereza. Ninyi mnavuka mto mmoja. Sisi tunavuka miwili. Tulifundishwa kwamba kazi nzuri hutangaza mpango wake, hujenga upande mmoja, halafu upande unaopinga, na msimamo wa mwandishi huja mwishoni baada ya pande zote kusikilizwa. Nilipopeleka sura yangu ya kwanza, msimamizi aliniandikia kwamba hoja yangu aliikuta ukurasa wa kumi na mbili na kwamba ilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Niliona kama ninaambiwa niingie nyumba ya watu bila hodi.

Halafu kuna maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. "Actuellement" ni kwa sasa, lakini "actually" ni kwa hakika. "Éventuellement" ni pengine, lakini "eventually" ni hatimaye. Niliandika kwamba wakimbizi "will eventually return", nikiwa na maana kwamba pengine watarudi, na aya nzima ikageuka ahadi. Mwalimu, je, tunaruhusiwa kusema "I"? Kule tulizoea "nous", yaani sisi.

#6 Mwanzisha uzi

Ndugu yetu wa Bukavu, karibu sana, umeleta jambo zito. Huo mfano wa hodi nitauchukua, ila naomba niugeuze. Katika makala ya Kiingereza hodi ipo, ni ule muhtasari wa sentensi mbili tatu unaosema nimekuja kwa jambo gani. Mwenyeji akishalijua ndipo mazungumzo marefu yanaanza. Hata ndani ya aya moja, weka dai mbele na ushahidi nyuma yake, kwa kuwa mtahini mwenye tasnifu tano mezani husoma sentensi ya kwanza ya kila aya na huamua hapo kama ataendelea kwa makini.

Kuhusu "I", fuata kwanza mwongozo wa idara yako. Hapa kwetu wasimamizi wengi bado hutaka "the researcher", na sitakushauri ugombane nao kwa hilo. Majarida mengi ya kimataifa siku hizi yanakubali "I" au "we" bila kinyongo, hasa pale unapoeleza uamuzi ulioufanya mwenyewe. Ninachokataa ni kutumia kauli ya kutendwa ili kuficha mtenda: "it was decided that" watu fulani waondolewe kwenye sampuli. Nani aliamua, na kwa nini?

#7 Mchangiaji, mhadhiri wa Kiswahili

Nimesoma kwa utulivu na naheshimu kazi ya mwanzisha uzi, lakini naona tunajadili namna ya kubeba mzigo bila kuuliza nani aliyetutwika. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, tasnifu zinaandikwa na kutetewa kwa Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu, na taaluma haijaporomoka. Msamiati upo: ikisiri (muhtasari wa tasnifu), kiunzi cha nadharia, usampulishaji, uwasilishaji wa data. Mtu aliyefanya utafiti, tuseme Kongwa mkoani Dodoma, kwa Kiswahili, na Wagogo wanaokijua Kiswahili, kwa nini alazimike kuwasemea kwa lugha ambayo wao hawataisoma?

#8 Mwanzisha uzi

Mheshimiwa mhadhiri, katika hilo niko upande wako, na nimelisema vikaoni kwa miaka. Hata hivyo, mwanafunzi anayewasilisha tasnifu ya kilimo au afya baada ya miezi minne hawezi kungoja sera ibadilike. Sheria za chuo chake zinadai Kiingereza, na nikimnyima stadi hizi kwa sababu ya msimamo wangu, ninamwadhibu yeye na siiadhibu sera. Naomba tukubaliane juu ya jambo moja linalowezekana leo: kila mwenye tasnifu ya Kiingereza aandike pia ikisiri ya Kiswahili, halisi, isiyo tafsiri ya neno kwa neno, na airudishe kijijini alikochukua data. Nimeona pia kwamba anayeandika ikisiri hiyo mapema hugundua mahali ambapo hoja yake ya Kiingereza ilikuwa moshi mtupu.

#9 Mwanzisha uzi

Nirudi kwenye uwasilishaji, ambao nilikuwa sijaugusa.

Umepewa dakika 15. Unasimama, unamshukuru mwenyekiti wa kikao, unamtambua mkuu wa idara, wahadhiri, wanafunzi wenzako, unasema itifaki imezingatiwa kisha unaendelea kuizingatia, na slaidi ya pili ni orodha ya mambo utakayoyasema. Dakika nne zimekwisha. Slaidi ya tano ina aya nzima iliyonakiliwa kutoka sura ya kwanza kwa herufi ndogo, nawe unaisoma huku umewapa watu mgongo. Unapofika kwenye matokeo, yale uliyoyatafuta miaka miwili, mwenyekiti anakuonyesha kikaratasi cha dakika moja. Nimeliona hili mara nyingi kiasi cha kuniumiza, kwa sababu wanaopoteza matokeo yao hivyo mara nyingi ni wale waliofanya kazi kubwa kuliko wenzao.

Mwaka 2008 University of Queensland, nchini Australia, ilianzisha shindano ambalo mwanafunzi wa uzamivu hueleza tasnifu yake yote kwa dakika tatu na slaidi moja isiyosogea, mbele ya watu wasio wa fani yake. Limeenea katika vyuo vya nchi nyingi. Mimi hulitumia kama zoezi la maandalizi: mwanafunzi wangu hawezi kuandaa wasilisho la dakika 15 kabla hajaweza la dakika tatu. Akishaweza, zile 12 zinazobaki anazitumia kueleza alichofanya na alichokipata, na salamu zake zinakuwa sentensi moja ya adabu.

Usiandike hotuba nzima na kuikariri. Ukisahau neno moja, jengo lote linaanguka. Andika kwa ukamilifu sentensi yako ya kwanza, sentensi ya kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na sentensi ya mwisho. Hizo zikariri. Yaliyo katikati yaseme kwa kuitazama picha au jedwali lililo kwenye slaidi, na jedwali lenyewe lisiwe lile la tasnifu lenye safu kumi na mbili. Chukua safu mbili unazozizungumzia.

Kuhusu matamshi, hakuna anayekudai lafudhi ya London. Vinavyowapoteza wasikilizaji ni vitu viwili. Kwanza ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sisi huuhamishia huko kila mahali. Lakini "category", "variable" na "literature" hubeba mkazo silabi ya kwanza, na "analysis" na "hypothesis" ya pili. Orodhesha maneno ishirini ya fani yako utakayoyatamka mara nyingi, yasikilize kwenye kamusi ya mtandaoni yenye sauti, yarudie. Pili ni irabu. Tuna tano tu, kwa hiyo "live" na "leave" hutoka sawa, na msikilizaji hajui kama wakulima wako wanaishi pale au wanahama. Ongezeni pia "he" na "she", ambazo Kiswahili kimezikusanya katika yeye. Anayemzungumzia mama aliyemhoji na kumwita "he" mara tatu huwafanya watu waanze kutafuta huyo mwanaume ni nani.

Maswali ndiyo sehemu inayotisha, na ndiyo inayofundishika haraka. Mtahini akiuliza kwa nini ulichagua kaya 286, jibu la "I used Yamane's formula" halijibu. Fomula hiyo ya mwaka 1967, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kwa kaya 1,000 na kosa la asilimia 5 inatoa hiyo 286 bila kujali unatafiti nini. Mtahini anataka kusikia kwamba unajua fomula inadhani sampuli ni nasibu, yaani kila kaya ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na kwamba uliweza kuipata kwa namna hiyo kijijini, au hukuweza na ulifanya nini badala yake. Jibu kwa kifupi kwanza, kisha toa sababu. Kama hukulisikia swali, lirudie kwa maneno yako na umwulize kama ndivyo. Kama hujui, sema hukulipima, na ueleze lingepimwaje.

#10 Mchangiaji, uzamili (afya ya jamii)

Mwalimu, wengi wetu sasa tunaandika kwa msaada wa akili mnemba. Inanyoosha Kiingereza kwa sekunde chache. Kuna ubaya gani? Nami naomba nikuwekee sentensi ya kwanza ya pendekezo langu uiangalie: "Malaria is a major public health problem in the world, Africa and Tanzania in particular."

#11 Mwanzisha uzi

Nianze na akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa mwaka 2022 nimepokea sura zenye Kiingereza laini kisicho na mwenyewe. Programu hizi zinaweza kukutungia marejeo ambayo hayapo, zikayapa mwandishi, mwaka na jarida, na zinaweza kubadilisha dai lako bila kukuambia. Huenda uliandika "inadokeza" ikarudi "inaonyesha". Ukiandika mwenyewe kwanza, kisha ukaiuliza ikuonyeshe makosa na kueleza kwa nini ni makosa, unajifunza, ilimradi taratibu za chuo chako zinaruhusu na unatamka kwamba uliitumia. Ukianza nayo, siku ya utetezi utaulizwa maana ya sentensi yako mwenyewe nawe utakuwa unaisikia kama mgeni. Kwa mifano ya sentensi iliyo salama, ipo Academic Phrasebank ya University of Manchester, inayopatikana bure mtandaoni na imepangwa kwa kazi: kueleza pengo, kulinganisha matokeo, kukiri upungufu. Makala nazo zinapatikana. Waulizeni wakutubi kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, kabla ya kusema hakuna machapisho.

Sentensi yako haina kosa la gramatika la kukuzuia. Ila mtu yeyote anayesoma afya ya jamii anaijua tayari, na haihitaji utafiti wako ili iwe kweli. Niambie kwa Kiswahili, hapa hapa, umeona nini uwandani kilichokufanya uchague mada hii.

#12 Mchangiaji, uzamili (afya ya jamii)

Nilikuwa nafanya kazi katika zahanati huko Kilombero. Akina mama walikuwa na vyandarua, wanavipenda, na wanavitumia nyumbani. Lakini msimu wa kilimo wanahamia mashambani na kulala kwenye vibanda vya muda, na vyandarua wanaviacha kwa sababu kibanda hakina pa kuvitundika. Kwenye dodoso wanajibu kwamba wana chandarua na wanakitumia, na hawasemi uongo.

#13 Mwanzisha uzi

Andika hilo. Sentensi yako ya kwanza iseme kwamba kumiliki chandarua hupimwa nyumbani, ilhali kwa sehemu ya mwaka familia hizi hazilali nyumbani. Liweke kwa Kiingereza chako mwenyewe, kama kilivyo, ubandike hapa kesho tulipitie pamoja, tukianza na vitenzi.